Nilimwambia mama wa watu kwamba mwanawe amedanganya, kisa app iliyofanya kazi mtandao ulipokatika

Wakuu, shikamooni kwa wanaostahili, na wengine nawasalimu mlipo.

Naanza na kitu ambacho nimekikanusha mbele ya mkuu wa idara, mbele ya kamati ya chuo, na siku moja mbele ya paroko ambaye wala hakuwa ameniuliza.

Ni kweli nilimwambia yule mama kwamba mwanawe amedanganya.

Nilisema kwa kinywa changu, kwa Kiswahili chepesi ili anielewe vizuri, kwenye korido ya chuo, watu wakipita. Miaka yote nimekuwa nikieleza kwamba nilimwambia "kuna changamoto kwenye kazi ya kijana." Neno changamoto halikutoka siku ile. Nilisema, "Mama, mwanao amedanganya."

Nimebadilisha majina ya watu na chuo sikitaji. Mengine ni kama yalivyotokea, na pale ninapojitia uzuri mnirekebishe, maana mazoea hayo ninayo. Anayenifahamu akinitambua, anywe chai yake kimya.

Mimi ni mwalimu wa chuo hapa Karatu. Nafundisha vijana kutengeneza web application, zile ambazo ukibonyeza zinakujibu, si kurasa za kusoma tu kama gazeti. Kwa Kiswahili cha kitaaluma tunasema programu shirikishi. Jina nalipenda, linajaza mdomo.

Sasa oneni nilivyokuwa nafundisha huo ushirikishi.

Naingia darasani, nasomesha imla. "Programu shirikishi ni ile inayomsikiliza mtumiaji na kumjibu papo hapo. Nukta. Mstari mpya." Vijana wanaandika vichwa chini. Mtu akinyoosha mkono namwambia maswali mwisho wa kipindi. Mwisho wa kipindi nina kipindi kingine.

Code nilikuwa naandika ubaoni kwa chaki. Mtihani wanaandika code kwenye karatasi, nami nasahihisha kwa kalamu nyekundu, nakata alama kwa nukta-mkato iliyosahaulika, kana kwamba karatasi itakataa kuwaka. Madesa yenyewe, yaani notes ninazofundishia, niliyabeba kutoka chuo nilichosoma Dar, enzi ambazo kompyuta zilifunikwa vitambaa vya kudarizi kama redio ya babu. Nilishayafundisha mpaka nikawa najua ukurasa upi una doa la chai na chai ya nani.

Ndani ya madesa hayo kulikuwa na sentensi niliyoipenda kuliko zote: "Browser ni dirisha tu. Unachungulia, lakini kitu chenyewe kiko kwenye server, mbali huko."

Ishikeni hiyo sentensi. Ndiyo iliyoniponza.

Kwa wasiojua, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anajenga project yake, halafu anakuja kuitetea mbele ya jopo la walimu. Ukifeli, unarudia. Ukikutwa na udanganyifu, unaondoka, na hilo neno linakufuata kila chuo utakachobisha hodi.

Na kwa kuwa hapa ni Karatu, mji wa magari ya safari na lunch box, darasa karibu zima hujenga kitu kimoja: mfumo wa booking wa kampuni ya utalii. Picha ya mbele ni simba yuleyule, amelala juu ya jiwe lilelile. Nadhani yule simba alishakufa zamani, ila kwenye project zetu bado anapokea wageni.

Basi mwaka huo kulikuwa na kijana, tumwite Saning'o. Mmasai wa Endulen, kule ndani ya hifadhi. Mrefu, mpole, anakaa nyuma. Yeye hakuleta simba. Alileta ng'ombe aliyepotea.

Alinieleza ofisini. Kwao ng'ombe akipotea, habari inatembea kwa mdomo. Unakutana na mtu njiani, mnasalimiana mpaka mmalizane, ndipo unauliza: hujamwona wa rangi hii, sikio limekatwa hivi? Kila ukoo una namna yake ya kukata sikio la ng'ombe. Na rangi zina majina ambayo Kiswahili hakina. Sambu, kwa mfano, ni ng'ombe wa mabaka mabaka, rangi zimechanganyikana. Sisi tunasema "ng'ombe wa madoa" tunaona tumemaliza.

Kwa hiyo akajenga app. Unachagua rangi, unachagua sikio, unasema alipotea wapi au ulimwona wapi. Mwingine anaona. Basi.

Majina ya rangi alitajiwa na mama yake, moja moja. Alama za masikio mama alimchorea kwa kijiti ardhini, kijana akanakili.

Nikasaini aendelee. Sikuuliza swali hata moja kuhusu namna itakavyofanya kazi, kwa sababu nilikuwa na madesa.

Siku ya kutetea, Saning'o akaja na mama yake.

Wakuu, hakuna anayeleta mzazi kwenye presentation. Mzazi anakuja mahafali, anapigwa picha, anakula pilau. Nikamvuta kijana pembeni. "Saning'o, hii si sherehe. Mbona umeleta mzazi?"

Akanijibu kwa upole kabisa, "Madam, nusu ya hii kazi ni ya yeyo. Sasa nitaionyeshaje yeye hayupo?"

Yeyo ni mama, kwa Kimasai. Kwao kitu cha wawili hakionyeshwi na mmoja. Nikaona ni ushamba mtamu, nikamruhusu.

Mama alikuwa amepanda gari la alfajiri, akapita kule juu ukingoni mwa kreta kwenye ukungu, akashuka Karatu na shuka jipya na shanga zake zote shingoni. Tukampa kiti cha plastiki ukutani. Akakaa wima, mikono magotini, kama mtu aliyekuja kuposa.

Asubuhi hiyo umeme ulikatika mji mzima. Router ikazima. Mitandao ya simu nayo ikasuasua, mwisho ikalala. Laptop zikabaki kwenye betri, na project za watu zikaanza kufa moja baada ya nyingine. Unafungua, kurasa nyeupe. Hata simba aligoma kutokea.

Tukawahurumia. "Onyesheni picha mlizopiga jana, elezeni kwa mdomo." Wakaeleza, tukawapa alama.

Ikafika zamu ya Saning'o. Mwenyekiti wa jopo alikuwa mkuu wetu wa idara, tumwite Mwalimu Margwe, Mwiraqw mwenzangu, mtu mwema anayependa kucheka na anayependa zaidi kula kwa wakati.

"Kijana," akasema, "mtandao hakuna. Nawe tuonyeshe picha tu."

"Yangu inafanya kazi, Mwalimu," akasema Saning'o, akanipa simu.

Nikajaza mwenyewe. Ng'ombe. Rangi sambu. Sikio la kushoto, limekatwa ncha. Nikabonyeza kutuma, nikisubiri ukurasa mweupe kama ule wa wenzake.

Ikaandika: Imehifadhiwa. Itatumwa mtandao ukirudi.

Niliirudisha simu mezani haraka, kama imeniunguza. Sasa najua ulikuwa ni woga. Wakati ule nilidhani ni akili.

"Imehifadhiwa wapi?" nikauliza.

"Kwenye simu, Madam. Browser inaitunza mpaka mtandao upatikane. Kwetu mtandao uko mlimani tu, kwa hiyo mtu anajaza akiwa bondeni, halafu akipanda..."

Sikumwacha apande. "Saning'o, nilifundisha nini? Browser ni nini?"

"Dirisha, Madam."

"Sasa tangu lini dirisha likafuga ng'ombe?"

Chumba kililipuka. Mwalimu Margwe alicheka mpaka akavua miwani. Wanafunzi waliobanana mlangoni wakapigana viganja. Nami, nisiwafiche, nilikaa vizuri kwenye kiti kama mtu aliyefunga goli.

Na yule mama, kwa kuwa watu wanacheka, naye akatabasamu. Akamgeukia kijana wake, akatabasamu. Alidhani kijana amesema jambo zuri.

Hilo tabasamu ninalo mpaka leo.

"Hii umechora tu," nikaendelea, maana mtu akishachekwa ni rahisi kumwongeza. "Umeandika maneno yatokee ili tuone inafanya kazi. Hakuna kilichohifadhiwa hapa."

"Madam, naomba tusubiri umeme urudi. Mtaona inajituma yenyewe."

Margwe akatazama saa. Harufu ya makande ilikuwa imeshafika dirishani. "Kijana, hatuwezi kusubiri umeme kwa ajili ya ng'ombe mmoja. Wa mwisho aingie."

Kwenye nafasi ya maoni nikaandika: udanganyifu.

Nilipotoka, mama alikuwa amesimama koridoni. Kijana alikuwa bado ndani anakusanya vitu vyake. Mama akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mwalimu. Mtoto amefanya vizuri?"

Nimeshawaambia nilimjibu nini.

Aliachia mkono wangu polepole, kama mtu anayerudisha kitu alichookota kumbe kina mwenyewe.

Tukaenda kula. Tuko katikati ya makande, taa ya kantini ikawaka, friji ikanguruma, watu wakaimba "aaah!" kama kawaida. Nilikuwa nimeshika kijiko. Ilikuwa ni kunyanyuka tu, kutoka nje, kumwambia yule kijana hebu lete simu tuone.

Nikaongeza pilipili.

...

Naona mkuu mmoja hapo chini keshaandika, "Madam mbona unajitesa, si hukujua tu? Kutokujua si dhambi."

Mkuu, ingekuwa sikujua nisingefungua uzi. Rudi ukae.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, nilikaa kwenye benchi nje ya kanisa nikafungua simu. Neno lile la "browser inaitunza" lilikuwa linaniwasha. Nikatafuta.

Haikuwa siri. Ilikuwa imeandikwa kwa lugha nyepesi, na michoro. Browser za siku hizi zinaweza kuhifadhi kazi ya mtu mtandao ukikosekana, na kuituma ukirudi. Si za siku hizi tu, ni za miaka. Kijana alikuwa amefanya kitu hichohicho, kwa njia iliyoelekezwa hapo. Lile dirisha langu lilikuwa na stoo nyuma, tangu lini sijui, na mimi niliendelea kuwaandikisha vijana kwamba ni kioo kitupu.

Nikasoma mpaka mwisho. Nikatia simu kwenye mkoba. Nikaenda kununua vitunguu vya Mang'ola.

Kwa nini sikusema kesho yake? Nimejiuliza sana, na jibu linanitia aibu kwa jinsi lilivyo dogo.

Ni ule utani. "Tangu lini dirisha likafuga ng'ombe" ulikuwa umeenea chuo kizima. Vijana waliuweka status. Mpishi wa kantini alikuwa ananikaribisha nao. Katika ualimu wangu wote sijawahi kusema kitu kikarudiwa na watu kwa hiari yao. Kukiri kwamba kijana alikuwa sahihi kulikuwa ni kuurudisha ule utani, na nilikuwa bado nautumia.

Saning'o akakata rufaa. Kamati ikaniita, naye akiwa amekaa pale, shati limepigwa pasi.

Mwenyekiti akauliza, "Madam, kitaalamu, jambo analosema linawezekana?"

Nikajibu, "Kwa jinsi nilivyofundisha, haliwezekani."

Wakuu, lipimeni hilo jibu. Halina uongo hata kidogo. Nilifundisha haliwezekani. Nililiandaa usiku kucha kama mtu anayepanga maua.

"Na inadaiwa ulimwambia mzazi kwamba kijana amedanganya."

"Hapana. Nilimwambia kuna changamoto."

Saning'o akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama jinsi unavyotazama mlango uliokuwa unadhani uko wazi. Kisha akainama, akaanza kuchezea kifungo cha shati.

Rufaa ikakataliwa, akaondoka chuoni. Maisha yakaendelea, mimi na madesa yangu.

...

Sasa miaka ikapita kidogo, tukaletewa mwalimu msaidizi kijana, Rehema. Mtoto wa mjini, anafundisha huku amekaa juu ya meza. Vijana wake hawaandiki imla, wanabonyeza, inagoma, wanapiga kelele, wanajaribu tena. Mimi nilikuwa napita dirishani mwa darasa lake nikijiambia ni fujo.

Siku moja akanikaribisha nikae nyuma nione kipindi. Akawaambia vijana wafungue app waliyotengeneza wiki ile. Halafu bila neno akaenda kwenye router, akachomoa waya.

"Haya. Jazeni."

Wakajaza. Zikafanya kazi. Akarudisha waya, zote zikajituma zenyewe, tititi, simu moja baada ya nyingine. Darasa likapiga makofi na miluzi. Na mimi nikapiga makofi, maana ungefanyaje.

Rehema akaniuliza mbele yao, kwa furaha tu, "Madam, kabla yetu kuna mwanafunzi aliwahi kufanya hii hapa chuoni?"

"Hapana," nikasema. "Nyie ndio wa kwanza."

Wakashangilia tena.

Halafu mnada. Nilikwenda mnadani hapa Karatu kutafuta viatu vya mtumba. Karibu na pale nilipoinama nikipima kiatu, mama mmoja wa Kimasai alikuwa anabishana na mwenzake kuhusu ng'ombe. Akatoa simu kwenye shuka, akajaza kitu kwa kidole gumba, haraka haraka. Mimi macho yangu hayana adabu, nikachungulia.

Imehifadhiwa. Itatumwa mtandao ukirudi.

Maneno yaleyale. Kiatu kilinidondoka.

"Mama, hiyo ya nani?" nikauliza.

"Ya kijana wetu wa Endulen, Saning'o. Siku hizi mpaka Loliondo na Soitsambu wanatumia. Ukipotelewa ng'ombe, unaweka humu. Unamjua?"

"Simjui."

"Alisoma hapahapa kwenu Karatu. Walimu wakamfukuza, eti muongo." Akacheka sana, akanipiga begani. "Walimu wenu hao, dada!"

Nami nikacheka naye.

Wakatoliki wenzangu mmeshahesabu. Kamati, darasani kwa Rehema, na mnadani. Petro alikana hivihivi, akalia. Na mnadani majogoo hawakosekani, walikuwepo wamefungwa miguu wakiwika, mimi nikalipa viatu nikaenda zangu. Nyumbani ndipo nikaona ni vyote vya mguu wa kushoto.

Jumatatu nikaingia kwa Mwalimu Margwe. Sasa yuko mlangoni mwa kustaafu.

"Mwalimu, unamkumbuka Saning'o?"

"Wa dirisha!" Akaanza kucheka.

"Alikuwa sahihi. Na mimi nilijua kabla ya kamati."

Kicheko kikakatikia njiani. Akavua miwani, akaifuta, ingawa ilikuwa safi. "Madam, unataka tufukue vikao vyote vile kwa ajili ya ng'ombe yule mmoja?"

"Huyohuyo."

Akairudisha miwani usoni. Kisha akasema, "Na mimi nilicheka. Nilicheka kuliko wote." Akavuta karatasi. "Andika. Nitasaini na mimi."

Vikao vikakaa, mpaka bodi ya chuo. Neno udanganyifu likafutwa. Saning'o akaruhusiwa kurudi, kuitetea kazi yake upya na kupewa cheti chake. Mimi nikapewa onyo, nikalipokea kwa mikono miwili, nadhani ni kitu pekee nilichopewa pale chuoni nikiwa nimekistahili kikamilifu.

Rehema aliniuliza swali moja tu. "Siku ile nilipokuuliza darasani, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Akakunja waya wake, akautia mfukoni. "Sawa, Madam." Mpaka leo ananisalimia vizuri. Ila hanikaribishi tena kukaa nyuma.

...

Kabla sijamalizia na simu iliyopigwa, niseme nilichojifunza, maana najua humu mtu asipotoa funzo anaulizwa lengo la uzi.

Madesa si kosa. Hata kutokujua si kosa, mwalimu wa kompyuta asiyepitwa bado hajazaliwa. Kosa langu ni kwamba nilipoona kitu nisichokijua, nilitafuta namna ya kumfanya aliyenionyesha aonekane mjinga kabla sijaonekana mimi. Na nilikuwa na njia rahisi mkononi, kusubiri umeme. Ningesubiri tu.

Siku hizi kipindi cha kwanza naingia nachomoa waya wa router, nawaambia vijana wanieleze kilichotokea. Wananieleza. Mara nyingi wananizidi. Inauma kidogo, halafu inapita, kama sindano.

Walimu mliomo humu, mwanafunzi akikuletea kitu kisichokuwepo kwenye notes zako, huwa unafanyaje? Semeni kweli. Na nyie mliowahi kuitwa waongo na mwalimu mkiwa wakweli, niandikieni hapo chini mlifika wapi. Matusi nitasoma. Pole ndiyo sitaki, pelekeni Endulen.

Sasa simu.

Namba ya Saning'o niliipata kwa mwanafunzi aliyesoma naye. Nikamtumia ujumbe mrefu, wa heshima, wenye neno "bodi" mara nyingi. Ukakaa na tiki moja. Siku zikapita, tiki moja. Nikajua kwa nini: yuko bondeni.

Jumamosi moja mchana, niko jikoni namenya viazi, simu ikaita.

"Madam. Saning'o hapa." Nyuma yake upepo mkali.

Nikaanza hotuba yangu. Bodi imekaa, neno limefutwa, njoo utetee, cheti chako kipo. Akanisikiliza mpaka mwisho. Yeye hakatizi watu.

"Yule ng'ombe wako alifika, Madam."

"Ng'ombe gani?"

"Sambu, sikio la kushoto. Yule uliyemjaza mwenyewe. Mtandao uliporudi alijituma. Nilikuwa nimekaa nje na yeyo, nikaja kantini nikuonyeshe. Wakaniambia walimu wanakula."

Nilishika kiazi.

"Cheti bakini nacho," akasema, si kwa ukali. "Huku hakuna anayeniuliza. Lakini kuna kitu kimoja. Mimi hukuniambia kwamba nimedanganya, Madam. Uliandika tu. Uliyemwambia ni yeyo. Akaja kuwaambia wazee, kwa sababu mwalimu hawezi kusema uongo. Mpaka leo app inafanya kazi mkononi kwake, na bado ananitazama kwa mashaka."

"Saning'o..."

"Yuko hapa. Tumepanda naye mlimani. Ongea naye."

Simu ikabadilisha mikono. Nikasikia shanga.

"Mwalimu."

"Shikamoo, yeyo."

"Marahaba. Mtoto alidanganya?"

Nilikuwa nimeandaa maneno. Teknolojia inabadilika, mtaala ulikuwa wa zamani, siku ile umeme. Yote yalikuwa mdomoni, yamepangwa.

"Hapana, yeyo," nikasema. "Hakudanganya. Aliyedanganya ni mimi."

Nikasikia mtu anakohoa, na mwingine anauliza kitu kwa Kimasai, na wa tatu anamnyamazisha. Ndipo nikaelewa kwamba nimewekwa spika, na kwamba hawakupanda mlima wawili.

"Sema tena," akasema mama. "Kwa nguvu. Wazee wa huku nyuma hawajasikia."

Nikaweka kisu chini. Nikasema tena, kwa nguvu, mpaka jirani akaja kuchungulia dirishani aone nagombana na nani.